Jibu: Kuvusha mbuzi kutoka Missouri kwenda Iowa

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuwapakia hao mbuzi wa Missouri kwenye trela na kuja nao Iowa, maana yote ni majimbo ya Marekani, nchi ni ile ile. Haiendi hivyo. Pengine hutasimamishwa popote njiani, na hilo ndilo linalowadanganya wengi, lakini kila jimbo lina daktari wake mkuu wa mifugo na masharti yake, na utakayobanwa nayo zaidi ni ya jimbo unakoingia. Basi kabla hujatoa hela piga simu ofisi ya mifugo ya Iowa. Watajie umri, jinsia, na kama ni wa kufuga au wa kuchinja.

Ukifika shambani, tazama masikio kwanza. Muuzaji mmoja aliniambia hereni ya namba nitavalisha mwenyewe nikifika kwangu. Nikamwachia mbuzi wake. Hereni rasmi huvalishwa kabla mnyama hajaondoka, na namba yake ndiyo inayoonyesha zizi alikotoka. Yote haya ni kwa ajili ya skrepi, ugonjwa wa ubongo wa kondoo na mbuzi ulioonekana Marekani mara ya kwanza mwaka 1947. Hauna chanjo wala dawa, na mnyama anaweza kukaa nao miaka miwili hadi mitano akila na kunenepa kama kawaida. Akija kuangukia kwako hana namba, wenzake waliouzwa kwingine watatafutwaje? Na muuzaji asikulilie gharama: USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, humpa mfugaji anayejiandikisha mara ya kwanza hereni za plastiki bure.

Halafu cheti cha afya. Si kila daktari wa mifugo anaweza kukisaini. Lazima awe na idhini ya USDA, nayo ina madaraja mawili. La kwanza ni la mbwa, paka na wanyama wa namna hiyo. Kwa mbuzi unahitaji mwenye la pili. Niliwahi kuitiwa daktari wa mbwa, mtu mpole kweli, akawakagua vizuri kisha akasema hana ruhusa ya kusaini. Cheti kwa kawaida husimama siku 30 tangu ukaguzi, kwa hiyo usimwite kabla usafiri haujawa tayari.

Ndafu wa harusi anayekwenda moja kwa moja machinjio yanayokaguliwa ana masharti mepesi zaidi. Ila ukimpitisha kwako akae wiki mbili anenepe, huyo si wa machinjio tena, na sheria itamhesabu hivyo.

Usifuate alivyofanya jamaa yako mwaka juzi, maana masharti hubadilika. Aprili 2024, baada ya mafua ya ndege kukutwa kwenye ng'ombe wa maziwa, ghafla ng'ombe anayekamuliwa akatakiwa apimwe kabla ya kuvuka jimbo.

Daktari mtafute huko huko Missouri, karibu na shamba la muuzaji. Idhini hutolewa kwa jimbo, hivyo wa kwako wa Iowa huenda asiruhusiwe kukagua wanyama walioko kule.