Usilipe kabla hujakaa darasani

Usitoe hata shilingi! Umeuliza kama ada ya mwaka mzima ya hiyo skuli ya Montessori, ile ya mtoto kujifunza kwa kushika vifaa, ni haki yake, kama basi linafika Wawi, Pemba, na kama mwanao wa miaka 3 na nusu ataweza pia kwenda chuoni kusoma Kurani jioni. Darasani umekaa ukaangalia? Hukusema. Basi pesa zikae hapo hapo zilipo.

Mie nililipa. Pesa za karafuu za msimu mzima, nikazitoa kwa mkupuo kwa sababu ya bango la rangi na maneno matamu ya msimamizi mmoja. Alinionyesha kabati la vioo: mnara wa rangi ya waridi, ile michemraba 10 ya kupanga kuanzia sentimita 1 hadi 10, na herufi za msasa za kupapasa kwa kidole. Nikaona nimefika. Baada ya miezi 7 nikaitwa kumchukua binti yangu, ana homa. Naingia, watoto wamebanana kwenye madawati, mwalimu na ufito wake, wanaitikia "a, e, i, o, u". Kabati lina kufuli, na mnara bado umo ndani ya nailoni yake! Miezi 7 hakuna mtoto aliyeugusa.

Kumuuliza msimamizi, ananijibu eti vifaa vitachakaa. Vitachakaa! Daktari Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907, jambo lenyewe lilikuwa hilo: mpaka miaka 6 mtoto anajifunza kwa mikono, anachagua kazi kwenye rafu anayoifikia, anairudia mpaka atosheke. Wa miaka 3 anakaa na wa 5, anamtazama, anaiga. Ukiwafungia vifaa umebaki na bango tu, na bango hata mimi naweza kulipaka rangi, maana jina la Montessori halina mwenyewe.

Pesa hawakurudisha. Lakini kilichonichoma ni mtoto. Alikuwa wa kuuliza na kushika kila kitu. Siku hizi nikimpa sinia la mchele achambue, ananitazama usoni kwanza, mikono kaificha mapajani.

Nenda asubuhi, uombe kukaa nyuma ya darasa saa nzima. Kabati usiliangalie, angalia mikono ya watoto. Wakikwambia wazee wa watoto hawaruhusiwi kuingia, chukua mkoba wako utoke. Umesema wamekupa mpaka Ijumaa? Nenda kesho.