Mjomba Wako na Mpira Wake

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Huku Ujiji hatujambo, mashangazi zako wanakusalimu sana. Ujumbe wako niliusoma usiku uleule ulipoingia, lakini swali lako si la kujibiwa kwa meseji mbili, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie.

Unasema siku ya arobaini ya mjomba wako, baada ya hitima, kila aliyesimama alizungumza mpira. Majirani mpira, mashemeji mpira, wavuvi wa Kibirizi mpira. Na sasa binamu zako wanataka uchangie kombe la kuchezwa kwa jina lake. Ukaniuliza: "Mama, hivi mjomba hakuwa na jambo lingine? Mtu ameishi miaka karibu sitini, amelea watoto, amezika wazazi, halafu anabaki mpira tu?" Nimeona umeumia kwa niaba yake.

Usiumie. Waliosema walisema kweli, ila hawakufika mwisho. Kaka yangu mapenzi yake kwa watu yote aliyapitishia kwenye mpira, kwa hiyo ukitaka kumtaja huku umeuweka mpira pembeni, utamtaja mtu mwingine. Mimi nilikuwa dada yake na rafiki yake, acha nikupe ya kwangu.

Tumekulia kwenye redio ya babu yako. Mawe yake, yaani betri, yakiisha nguvu, babu haendi dukani mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya mechi mjomba wako anayatoa, anayapanga juani, na mimi nawekwa mlinzi kuku wasiyachezee. Jioni yakirudishwa redio inaamka kidogo, dakika za mwisho inaanza kufifia tena. Hivyo ndivyo tulivyoisikiliza Taifa Stars ikiwa Ndola, Agosti 1979. Dar es Salaam tulishawafunga Zambia 1-0. Kule wakatangulia wao, Peter Tino akasawazisha, ikawa 1-1, tukaenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba, kaka kaibana redio sikioni na anatutangazia sisi wengine neno kwa neno. Uani pamejaa majirani, wote wanamsikiliza mtoto. Ilipofuzu tena mwaka 2019 kwa kuifunga Uganda 3-0, baada ya miaka 39, alinipigia simu na hakuweza kusema kitu. Nilijua ni nini, na mimi nilikuwa nalia upande wangu.

Mwaka huohuo wa 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers palepale Dar es Salaam, watu wakaizika, halafu ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Hiyo mechi unaijua, utaona nakoelekea.

Yeye Simba, mimi Yanga, hilo halina historia ndefu. Shangazi yetu alikuwa Yanga na mimi nilikuwa kipenzi cha shangazi.

Nilipokuwa shule nikicheza netiboli, wavulana walikuwa wanakuja kuzicheka sketi zetu. Mjomba wako alikuwa anakuja kutazama mchezo. Anasimama nyuma ya goli, kimya, mikono nyuma, mpaka filimbi ya mwisho. Njiani ananiambia, "Ukidaka mpira unageuka kulia kila mara. Wameshakusoma." Hakunisifu ili nifurahi. Aliuangalia mchezo wa wasichana kwa jicho lilelile aliloangalia wa wanaume, na wakati ule hapa kwetu sikumwona mwingine aliyefanya hivyo. Kuna wanawake wazima leo, bibi za watu, walisimama nyuma pale kwenye arobaini wakalia kwa sababu hiyo, na hawakupewa nafasi ya kusema.

Sasa nikueleze ya nyavu, maana wewe ulikuwa mdogo na ulizikuta tayari zipo.

Unajua kazi yake ilikuwa kushona nyavu za wavuvi Kibirizi. Vijana wa huku walikuwa wanacheza ndondo, mechi za mtaani, kwenye milingoti mitupu, mtambaa panya wenyewe kamba. Mpira ukipita karibu na mlingoti, nusu ya watu wanasema goli, nusu wanasema nje. Siku moja ubishi wa goli la namna hiyo ulimpasua kijana kichwa kwa jiwe. Kaka alimbeba yeye mwenyewe mpaka hospitali. Aliporudi, shati bado lina damu, alitoa sindano yake ya mbao akaanza kushona.

Kwanza alijaribu nyavu ya dagaa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inatupwa kwa wingi. Ina macho madogo mno, upepo wa ziwa ukiingia unaijaza kama tanga, milingoti inang'oka. Akawa anapita kwa wavuvi kuomba vipande vya nyavu za macho makubwa zilizochakaa. Anaviunganisha kipande kwa kipande, kila fundo analibana kwa meno, na anapima jicho kwa ngumi yake: ngumi ikipita, anafumua. Nilimuuliza kwa nini ngumi na mpira ni mkubwa kuliko ngumi. Akasema nyavu inalegea ikipigwa, ukianza na jicho kubwa baada ya mwezi mpira utapita na ubishi utarudi. Akaenda kutundika golini mwenyewe. Watoto wa pale wamekua hawajui kwamba watu waliwahi kupigana kwa ajili ya goli la kubishaniwa.

Na ratiba. Ndondo za mjomba wako zilichezwa siku za mbalamwezi tu. Wavuvi wanawavuta dagaa kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, mitumbwi inakaa ufukweni, na vijana wanakaa mjini wana njaa ya kitu cha kufanya na hawana hela. Hizo ndizo siku za pombe na ugomvi. Yeye alichukua kalenda ya msikitini, akazipiga mstari siku za katikati ya kila mwezi wa Kiislamu, akasema hizi ni zangu. Zawadi mbuzi, mara nyingine sabuni. Hakuwahi kuwahubiria wale vijana hata siku moja. Aliwapa mechi saa kumi jioni, na mchezaji aliyelewa hakupangwa.

Ungemuuliza mwenyewe, angekwambia anapenda mpira tu.

Jambo moja alilolichukia kabisa ni mikeka ya kubeti. Kwenye kibanda umiza pale Mwanga, banda la kuonyeshea mechi, alikuwa na kona yake, aliwalipia watoto wasio na kiingilio, lakini ukianza kusoma mkeka wako karibu naye anahama. Alisema mtu aliyebeti haangalii mpira, anaangalia hela yake inavyokimbia. Mimi naona alikuwa sahihi, na nimeona vijana wa ukoo wetu walivyoharibika huko.

Haya, Mufulira. Matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka, ulijifungia chumbani. Baba yako alikasirika, mimi nililia, na hakuna kati yetu aliyekusaidia. Mjomba wako alikuja na kashata mfukoni, akakaa nje ya mlango wako, akaanza kusimulia Dar es Salaam nne bila. Nilikuwa jikoni nasikia. Alisimulia goli moja moja walilofungwa, hakuruka hata moja, akakaa muda mrefu kwenye la nne. Nikajiuliza huyu anamfariji mtoto au anammalizia? Halafu akasema, "Sasa hapa basi lilikuwa halijaondoka kwenda Lusaka." Akanyamaza. Ndipo ulipofungua mlango. Wewe leo unakula mshahara Dodoma kwa mtihani ulioukalia mara ya pili, na ada ya kurudia aliitoa yeye. Sikukwambia kwa sababu alinikataza. Sasa naona amri yake imekwisha.

Na mimi alinifanyia vilevile. Baba yako alipotangulia Februari 2023, nikaingia eda. Unakumbuka nyumba ilivyokuwa. Televisheni tuliizima, sikutaka kusikia kelele. Miezi hiyohiyo Yanga ikawa inafanya mambo kwenye Kombe la Shirikisho Afrika ambayo haijapata kuyafanya. Yeye ni Simba damu. Angeweza kushukuru Mungu kwamba sioni. Badala yake kila baada ya mechi alikuja, anaketi kwenye mkeka karibu na mlango, anakunywa chai, halafu ananitangazia mechi nzima kama tulivyokuwa watoto, na sauti anabadilisha. Rivers United wa Nigeria, Mayele wetu kawafunga mawili kwao. Marumo Gallants wa Afrika Kusini, nyumbani na ugenini. Watu wengine waliokuja kunipa pole walinikumbusha nimefiwa. Kaka yangu alinikumbusha kwamba Jumapili ipo na kuna mechi. Mara ya kwanza nilicheka tangu msiba ilikuwa hapo, na nilimwona anageuza uso kuangalia nje ili nisimwone.

Fainali na USM Alger Yanga ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na kombe likabaki kwa Waarabu kwa sababu ya magoli ya ugenini. Usiku ule alikuja amechelewa. Hakutania hata kidogo. Alisema, "Dada, mmefungwa na sheria, hamkufungwa na timu." Mtani anayesema hivyo kwa Yanga, mwanangu, huyo anakupenda.

Deni lake la utani alishalilipisha mapema. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga, ikaletwa hapa kwetu Uwanja wa Lake Tanganyika. Ilikuwa siku chache baada ya Idi ya kuchinja, na mwezi ulikuwa mpevu. Wavuvi wote wako nchi kavu. Alitamba mji mzima kwamba hata TFF, shirikisho la soka, sasa wanafuata kalenda yake. Baba yako alitununulia tiketi. Sisi tukabaki kumi baada ya Mukoko Tonombe kupewa kadi nyekundu, tukashikilia, tukashikilia, mpaka dakika ya 79 ikapigwa kona na Taddeo Lwanga akatia kichwa. Moja bila. Alinitania mpaka Mwanga, na kesho yake asubuhi alikuwa ameshafika mlangoni kuanza upya. Lakini kabla hatujatoka uwanjani alinishika mkono tukasubiri watu wapungue. Aliomba ruhusa kwa askari, akaenda golini, akaishika ile nyavu. Akaipekua fundo kwa fundo. Akaingiza ngumi. Haikupita. Alirudi kwangu mtu mwenye furaha kuliko alivyokuwa wakati wa goli.

Alipopata kuiona Mashujaa yetu inapanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa kuitoa Mbeya City, alisema sasa Kigoma imetimia. Maradhi yalikuwa yameshaanza. Uwanjani aliendelea kwenda mpaka miguu ilipokataa.

Kwa hiyo hao waliosimama siku ya arobaini wakasema mpira, kila mmoja wao alikuwa anataja jambo lililomtokea. Mvuvi alikuwa anataja siku ambazo hakulewa. Yule mzee mwenye kovu kichwani, aliyesema "alitushonea nyavu" akakaa, hakuhitaji kuongeza. Wewe hukuwa nasi miaka hiyo, ndiyo maana uliyasikia kama maneno ya mchezo.

Kuhusu kombe la binamu zako: changa. Lakini wamekuja kwangu na mipango ya jezi, kampuni ya kubeti kama mdhamini, na Desemba kwa sababu wengi wenu mna likizo. Nimewaambia kampuni ya kubeti haigusi jina la kaka yangu. Tarehe itafuata mwezi, si likizo zenu. Angalieni kalenda muombe ruhusa kazini. Nyavu zishonwe kwa mkono. Kijana ambaye mjomba wako alimfundisha Kibirizi bado yupo na anaijua kazi, alipwe. Hela yako wewe ipelekwe kwenye nyuzi na kwenye viingilio vya watoto, wasilipe hata mmoja.

Na mechi ya kufungua itakuwa netiboli. Binamu zako wameguna, wanasema watu hawatakuja saa tisa kutazama wasichana. Wale wanawake nimeshawapigia simu, wanaleta binti zao na wajukuu zao, na wengine wanasema wao wenyewe watacheza robo ya kwanza. Wewe ukija utasimama nyuma ya goli mpaka filimbi ya mwisho, na ujiandae kuwaambia walipokosea.

Mama yako