Mitterrand: rais wa kijamii, mjamaa au msoshalisti?

SWALI: Mwalimu, naandika wasifu wa François Mitterrand. Nimeanza hivi: "Hayati Mitterrand, rais wa kijamii, aliiongoza Ufaransa kwa awamu mbili, akasimamisha adhabu ya kifo." Mhariri kaipiga mistari karibu sentensi nzima. Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri hakukuonea. "Kijamii" ni kinachohusu jamii: huduma za kijamii, mitandao ya kijamii. Rais wa kijamii, kama yupo, labda ni yule asiyekosa harusi wala msiba. Mitterrand alikuwa msiri mno. Saratani yake aliwaficha wananchi kwa zaidi ya miaka 10.

Ulikusudia mjamaa au msoshalisti. Yote mawili ni Kiswahili sahihi, ila hayana uzito mmoja. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ukitamka ujamaa Mtanzania anamwona Nyerere na vijiji vyake, na Nyerere mwenyewe alisisitiza kwamba ujamaa wake umetokana na undugu wa familia ya Kiafrika, si mapambano ya matabaka. Mitterrand alitoka katika mkondo wa Ulaya. Chama chake alikishika mwaka 1971 kwenye mkutano wa Épinay. Ni kweli, mwaka 1982 serikali yake ilitaifisha mabenki na viwanda vikubwa, na hapo msomaji wa Dodoma atasema huyu ni mjamaa kabisa. Mwaka uliofuata ikageukia kubana matumizi. Kwa hiyo mimi ningeandika "msoshalisti" na "Chama cha Kisoshalisti", nikaliacha "mjamaa" kwa pale unapowalinganisha yeye na Nyerere.

"Awamu" nayo itawachanganya wasomaji wa Tanzania. Kwetu awamu huhesabiwa kwa rais, si kwa uchaguzi: Mwinyi alichaguliwa mara mbili, bado ikaitwa Awamu ya Pili. Andika mihula miwili, ya miaka 7 kila mmoja, 1981 hadi 1995.

"Hayati" libaki, alifariki Januari 1996.

Kuhusu adhabu ya kifo, usiseme "akasimamisha". Kinachosimamishwa huweza kurejeshwa kesho, na ndivyo ilivyo katika nchi ambazo hazinyongi lakini sheria bado ipo vitabuni. Ufaransa iliifuta, kwa sheria ya Oktoba 1981 iliyotetewa bungeni na waziri wake wa sheria, Robert Badinter. Huyo mtaje kwa jina. Bila yeye aya hiyo ya wasifu itapwaya.