Hofu ya kuanguka kwa mpanda miamba

Wapanda miamba wengi hudhani mikono yao ni dhaifu, kumbe ni hofu inayoimaliza. Anayeogopa kuanguka huukaba mwamba kuliko inavyohitajika. Misuli ya kigasha ikikazwa hivyo hubana mishipa, damu haipiti vizuri, na baada ya muda vidole vinafunguka vyenyewe. Pumzi inakatika, mguu unatetemeka kama cherehani.

Ukifika hapo, shusha kisigino, nyoosha mkono ulioshika, kisha toa pumzi yote polepole. Sasa legeza vidole kidogo kidogo hadi uhisi unakaribia kuteleza, halafu ongeza nguvu kiasi tu. Utashangaa ni kidogo namna gani.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Dawa yenyewe ni kuzoea kuanguka, tena kwa kipimo. Chagua ukuta ulioinamia nje, usio na vibaraza vya kugonga miguu, na uwe umeshapita bolti ya tano (bolti ni vyuma vilivyopigiliwa mwambani ambavyo kamba yako hupitishiwa) ili usifike chini. Kagua fundo la nane, lile lenye umbo la 8 linalokufunga kwenye kamba, naye mshika kamba, yaani mwenzako wa chini anayekuzuia ukianguka, akague kifaa chake cha kubana kamba. Hofu inayokuuliza kuhusu fundo isikilize kila mara. Hiyo haitakiwi kuzoeleka.

Anza bolti ikiwa usawa wa kifua. Achia, toa pumzi kwa sauti, kunja magoti kidogo, nyayo zitangulie ukutani. Usishike kamba, wala usijirushe nje, maana kadiri unavyojirusha ndivyo unavyorudi na kujibamiza. Kamba isipite nyuma ya mguu. Ikipita, itakupindua kichwa chini. Rudia mara tano au sita. Ukiona bado unasita kwa muda mrefu kabla ya kuachia, baki hapo hapo. Ukishaachia bila kujadiliana na nafsi, panda hadi bolti iwe kiunoni, siku nyingine magotini, kisha nyayoni.

Kosa kubwa ni kuruka hatua kwa sababu wenzako wanakupigia makofi chini. Anguko moja la kutisha linaweza kufuta kazi ya wiki kadhaa, kwa kuwa mwili unakumbuka kishindo, hausikii maelezo. Mshika kamba naye ana mchango: akiivuta kamba ikakaza ghafla, unapigwa ukutani. Aruke kidogo kamba inapokaza ili anguko liwe laini. Kama hajawahi kufanya hivyo, mazoezi yaanze naye kwanza, wewe ukiwa bado na bolti kifuani.