Matairi mapana yalivyonitia adabu

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimepata Land Cruiser pikapu ya mzigo. Nataka kuvua haya membamba niweke mapana, gari litishe. Saizi gani?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Huyo ni mimi wa enzi zile.

Nilikuwa nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Arusha. Gari lilikuja na 7.50R16, yaani tairi la upana wa inchi 7.5 kwa rimu ya inchi 16, nikayaona matairi ya kizee. Fundi akanipamba: weka 265/70R16, upana milimita 265, rimu si 16 ileile? Yakaingia kweli. Nikapiga picha, nikaweka stetasi.

Rimu yangu ilikuwa na upana wa inchi 5.5, tairi lile linataka kuanzia 7. Likavimba kama mtu aliyevaa mkanda wa mwanawe, kashata, yale meno ya tairi, za katikati zikaisha mapema. Ubavuni liliandikwa namba ya mzigo 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja. Nami siku hiyo nilipakia magunia kumi na mawili, lumbesa tupu. Nyuma peke yake karibu tani mbili na nusu. Gawa kwa mbili.

Lilipasuka tukishuka kuelekea Mto wa Mbu, la nyuma kushoto. Gari liliyumba hadi utingo akaanza kusali kwa sauti. Spea ilikuwa ile 7.50 ya zamani, ndefu kuliko mwenzake kwa sentimita tatu hivi, tukaingia mjini tumeinama upande. Siku mbili kutafuta tairi. Mnunuzi akakata bei, sikuwa na mdomo wa kubishana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na rimu. Ipime upana, usisome 16 tu ukaridhika. Kisha namba ya mzigo. Ukilazimika kuacha 7.50R16, tafuta 235/85R16: urefu wake karibu uleule, sentimita 81 hivi, spidomita haikudanganyi. Mengi yana 120/116. Ya kwanza ni kilo 1,400 tairi likikaa peke yake, ya pili ni kwa yanayofungwa mawilimawili. Ila nalo linataka rimu ya inchi 6 na kuendelea. Angalia na tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likikaa sana dukani linazeeka hata kama linang'aa.

Vijana tunapenda gari litishe. Linamtisha nani, vitunguu?

Mimi nilirudi kwenye 7.50, na mteremko ule naushuka kila wiki. Yule fundi bado yupo palepale, nikipita hunipungia mkono. Upepo najazia kwa jirani yake.