Sikio limeziba, na pamba haijasaidia

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naendesha bajaji, naishi Tabata. Jumapili ya wiki iliyopita nilikwenda kuogelea Kigamboni, kesho yake nikaamka sikio la kulia limeziba. Nimelisafisha kwa pamba za vijiti, nikatia haidrojeni peroksaidi, likatoa povu lakini bado sisikii vizuri na kuna mlio kama wa friji. Leo ni siku ya tisa. Huku mtaani kuna jamaa anavuta uchafu wa masikio kwa mshumaa, elfu kumi, na anakuonyesha uchafu wenyewe ukishatoka. Niende?

JIBU: Marahaba. Usiende. Na kabla hujaendelea kusoma, funga mdomo, toa sauti nzito ya "mmm", usikilize inavuma zaidi upande gani.

Ikivuma zaidi kulia, kwenye sikio hilo bovu, basi kasoro iko kwenye njia ya kupitisha sauti: nta, maji, fangasi au ngoma ya sikio. Ukitaka kuhakikisha umeelewa, ziba sikio la kushoto kwa kidole utoe "mmm" tena. Utaisikia imehamia huko. Sauti hiyo inapita kwenye mifupa ya kichwa hadi kwenye koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio, na tundu likizibwa haina pa kutokea, kwa hiyo inavuma zaidi. Hiyo ndiyo habari njema.

Ikivuma zaidi kushoto, kwenye sikio zima, shaka inahamia kwenye koklea ya kulia au neva yake. Hiyo ni dharura, hata kama hakuna maumivu. Matibabu yake ni steroidi anazoandika daktari, na zina nafasi nzuri ya kusaidia zikianzwa mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza. Wewe umeshatumia siku tisa. Usisubiri Jumatatu. Na kama hujui sauti imeelekea wapi, nenda vilevile, wakupime kwa chuma cha mtetemo na kipimo kamili cha usikivu.

Wagonjwa wa namna hii hufika kliniki tatizo likiwa limeingia mwezi wake wa pili, mikononi wana chupa nne za matone, kwa sababu kila waliyemuuliza njiani aliwajibu "ni uchafu tu". Neno hilo uchafu ndilo linaloharibu masikio ya watu.

Nta si uchafu. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Theluthi ya nje ina gegedu, vinyweleo na tezi zinazotengeneza nta. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa kwa ngozi nyembamba mno, isiyo na tezi hata moja ya nta. Nta kidogo ni mafuta ya tezi na sehemu kubwa ni ngozi iliyokufa. Ina asidi kidogo, inazuia maji yasilowanishe ngozi na inawabana bakteria na fangasi. Halafu inatoka yenyewe: ngozi ya sikio huota kuanzia katikati ya ngoma kuelekea nje, kwa kasi inayokaribia ya ukucha, ikibeba nta mgongoni. Kutafuna na kuongea kunaisukuma mlangoni, na pale kitambaa kinatosha.

Sasa mtu anaingiza kijiti cha pamba. Anatoa kidogo cha rangi ya kahawia, anafurahi, na kingine chote amekishindilia ndani kwenye mfupa, mahali ambapo nta haikuzaliwa wala haitoki kwa urahisi. Ukikuta nta imegandamana na ngoma, ujue mara nyingi kuna aliyeipeleka. Siku akienda kuogelea, nta hiyo inanyonya maji, inavimba, na asubuhi sikio limeziba. Huenda ndiyo hadithi yako. Pamba pia inakwangua mafuta ya ngozi, ngozi inakauka, inawasha, na mwasho unaita pamba tena. Kijiti cha kibiriti, ufunguo, pini na unyoya wa kuku ni ndugu moja na pamba, ila hao wanatoboa haraka zaidi: ngoma ina unene wa kama milimita 0.1.

Mshumaa hauvuti kitu. Jambo hilo limepimwa, na hakuna mvuto wowote uliopatikana ndani ya tundu. Ule "uchafu" anaokuonyesha ni nta kweli, lakini ya mshumaa. Mwambie auwashe juu ya glasi tupu uone kama glasi nayo ilikuwa chafu! Unacholipia elfu kumi ni uwezekano wa kuungua, au nta ya moto kudondokea ngoma.

Kama "mmm" imevuma kulia na huna maumivu, usaha, wala historia ya ngoma kutoboka au upasuaji wa sikio, lainisha nta huku ukipanga kwenda kuangaliwa. Mafuta ya zeituni au matone ya sodiamu baikaboneti 5% yanatosha. Pasha chupa kiganjani, lala kwa ubavu wa kushoto, livute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, dondosha matone 3 au 4, kaa hivyo dakika 5 hadi 10. Mara mbili kwa siku, siku 3 hadi 5. Mwanzoni kuziba kunaweza kuzidi kwa sababu nta inavimba, usiikimbilie pamba. Peroksaidi iache. Povu linapendeza macho, lakini linabakiza maji ndani, na kwa joto na unyevu wa Dar hayo ni makaribisho ya fangasi.

Likihitaji kuoshwa, lioshwe na mhudumu aliyeliangalia kwanza kwa taa, kwa maji ya joto la mwili, 37°C, yakielekezwa kwenye ukuta wa juu na nyuma, si kwenye ngoma. Akitumia maji baridi utaona chumba kinazunguka: ubaridi unafika kwenye mifereji nusu duara ya usawa, majimaji ya ndani yanasogea, na ubongo unaamini kichwa kinageuka. Mwenye kisukari, mwenye ngoma iliyotoboka, au anayesikia kwa sikio moja tu asioshwe kwa maji. Huyo atolewe nta kwa mashine ya kunyonya kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kama ya Muhimbili.

Na wengine mnaosoma: sikio la mtoto linalotoa usaha mara nyingi lina ngoma iliyotoboka. Mafuta ya taa, maji ya kitunguu na maziwa ya mama hayana kazi humo. Wala usinunue matone ya jentamaisini kwa sababu jirani alipona: dawa hiyo ikipenya tundu la ngoma inaweza kufika ndani na kuua seli za kusikia, na kila koklea ina kama 15,000 tu, hazioti tena. Mwambie daktari aangalie ngoma ndipo achague. Matone ya siprofloksasini hayana hatari hiyo.

Punje ya mahindi au haragwe ikiingia, usitie maji, itavimba. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, usitie hata tone la mafuta: inaunguza nyama kwa saa chache. Mpeleke hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku.