Ukitaka kurekodi vipande vyepesi vya hapsikodi kwa mara ya kwanza

Kama umetoka kwenye kinanda cha kwaya au piano na sasa unasoma hapsikodi, ala ya zamani ya vibonyezo inayodonoa nyuzi, vipande utakavyovikimbilia kwanza ni vile vifupi vya Wafaransa wa karne ya 18: kipande cha kuku cha Rameau, cha ndege kekeo cha Daquin, vijimambo vya Couperin. Kimoja dakika tatu, kingine nne. Unaviona rahisi, na muhula haujaisha umeshapanga albamu. Taratibu, mdogo wangu. Mtunzi Mwitaliano Domenico Scarlatti alipochapisha sonata zake 30 mwaka 1738 alimwambia msomaji asitafute humo elimu nzito bali utani wa sanaa uliofanywa kwa ustadi, na mpaka leo sonata hizo zinawatoa jasho watu wenye shahada. Wepesi wa vitu hivi uko kwa msikilizaji. Mpigaji haupati bure.

Jambo la kwanza ni kukubali kwamba nguvu ya kidole haina kazi hapa. Ukibonyeza, kijiti cha mbao kinapanda ndani ya ala, na njiti yake, zamani ya unyoya wa ndege na siku hizi mara nyingi ya plastiki, inaudonoa uzi. Aliyemwona mpiga kanuni wa taarabu kule Zanzibar, na vile vipigio vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada, ameshaelewa nusu ya habari. Tofauti ni kwamba mwenye kanuni anaugusa uzi mwenyewe, akitaka kwa upole, akitaka kwa ukali. Wewe umetenganishwa nao na mbao. Ubonyeze kwa hasira au kwa huruma, ukubwa wa sauti ni karibu ule ule. Kilichobaki mikononi mwako ni wakati: sauti inaanza lini na inakatika lini, maana ukiachia kibonyezo, kitambaa kidogo kinaushika uzi na kuunyamazisha.

François Couperin aliliandika hili waziwazi mwaka 1716 katika kitabu chake cha kufundisha upigaji. Hapsikodi haiwezi kukuza wala kupunguza sauti, alisema, kwa hiyo mpigaji atafute hisia kwa njia mbili: kuikata noti kabla muda wake haujaisha, na kuichelewesha kidogo kabla ya kuipiga. Jifunze hayo mawili kabla ya kujifunza kasi. Ucheshi wote wa muziki huu umejificha humo.

Mchukue kuku wa Rameau, wa miaka ya 1720. Chini ya noti za mwanzo mtunzi mwenyewe ameandika "co co co co co co co dai": noti moja inarudiwarudiwa, kisha mkono unafyatuka kwenda juu. Kila "co" inahitaji upenyo wa kimya nyuma yake. Ukiziunganisha, kuku anageuka king'ora. Ukizikata zote sawasawa, anageuka cherehani. Kuku anayetetea hahesabu, anasitasita, anaanza tena, halafu anapaza. Wala usimfanye kichekesho mwanzo hadi mwisho. Kipande kiko katika G maina, na kadiri kinavyosonga anazidi kutaharuki, mpaka mkono mzima unajaa noti. Wanafunzi wengi nimewasikia wakitabasamu nacho kwa dakika tano nzima, na inachosha.

Kekeo wa Daquin, wa mwaka 1735, ana kiitikio na beti, na kila kiitikio kikirudi vidole vinataka kukimbia. Shika mwendo. Ukitaka mabadiliko, punguza au ongeza safu ya nyuzi, lakini usifungulie safu zote kwa kipande chepesi eti kisikike zaidi. Na "Le Tic-Toc-Choc" ya Couperin usiiguse kama ala yako ina safu moja tu ya vibonyezo, kwa sababu mikono miwili inapigia mahali pale pale na itagombana. Mtunzi aliruhusu mkono mmoja uhamie oktava nyingine, sawa, ila nionavyo mimi utamu unapungua.

Madoido yapige kama yalivyoandikwa. Mwaka 1722 Couperin alilalamika kuhusu wapigaji wanaoongeza na kupunguza wapendavyo. Pia aliwashauri wanaokunja uso waweke kioo pale penye karatasi za noti. Dawa hiyo bado inafanya kazi, hasa siku hizi za kurekodiwa na video.

Kwenye mpangilio wa vipande ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Couperin alivipanga vipande vyake kwa makundi yanayokaa kwenye ufunguo mmoja, meja au maina yake, na kuna faida. Ala hizi mara nyingi hutyuniwa kwa mfumo ambao nusutoni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti, hazilingani, hivyo baadhi ya funguo ni tamu na nyingine chungu. Ukichanganya vipande kwa kufuata umaarufu tu, utajikuta unatyuni upya katikati ya siku ya kurekodi, au unavumilia uchungu usiokusudiwa. Panga kwanza kwa funguo, kisha kwa tabia. Usiweke ndege wawili wakifuatana.

Siku yenyewe, tyuni asubuhi na uendelee kutyuni. Unyevu na joto vinazihamisha nyuzi bila kukuuliza, na fundi wa kurekodi hawezi kuunga marudio mawili ambayo sauti zake zimeachana. Sikio lako la kwaya limezoea A ya hezi 440. Hapa huenda ikawa 415, nusutoni chini, basi zoea mapema. Maiki zikisogea karibu mno zitanasa vijiti vikianguka tak-tak-tak. Kidogo kunavutia, kukizidi kunaua utani. Mwombe fundi aache kimya cha kutosha baada ya kila kipande, na kisilingane kila mahali: kirefu baada ya kuku, kifupi kabla ya kitu cha kuchezeka. Na kwenye maelezo ya albamu waambie wasikilizaji wapunguze sauti ya spika. Hapsikodi ni ala ya sebuleni, na rekodi nyingi husikika kubwa kuliko ala yenyewe.